Bibi wa Rumi na Jina la Dada Yangu

Ile simu ililia saa tano asubuhi, siku ya Jumanne, mwanangu, na mpaka leo simu ya mezani ikilia popote moyo wangu hushtuka. Wewe ukiniona natia mkono kifuani hucheka, ukasema Bibi naye ana mambo yake. Leo nitakupa mambo yenyewe.

Kaa, Sakina. Hiyo kadi ya mfano iweke hapa mezani. Uliponionyesha jana niliisoma yote, herufi kwa herufi, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma majina. Karatasi nzuri, maandishi ya dhahabu. Majina ya wazazi wako yamo, langu limo, la marehemu babu yako limo, ya ami zako na wake zao yamo, hata ya kitoto cha ami yako kilichozaliwa juzi, ambacho hakijui hata arusi ni nini, nacho kinawakaribisha wageni. La kaka yako Imran halimo. Nilipokuuliza ukanijibu kwa Kiingereza chako cha mbio kwamba ni kadi tu, na kwamba Imran alimtolea mchumba wako maneno yasiyosameheka. Kadi inakwenda kupigwa chapa Jumatatu.

Nimelala nalo hilo na nimeamka nalo. Sikuja kukugombeza. Nimepanda mabasi mawili mpaka hapa Stanmore, na goti langu hili, nikwambie jambo ambalo hata mama yako sijamwambia lote.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kilburn, vyumba viwili juu ya duka la viatu, mimi na Baba na Mama. Tulitoka Mombasa katika miaka ile ambayo Wahindi wenye pasipoti za Kiingereza walikuwa wanakimbilia huku kabla mlango haujafungwa, na sisi tuliukuta umeshafungwa nusu. Mtu hakuingia tena kwa pasipoti peke yake, ilibidi angoje vocha, kibali cha serikali yao cha kuingia. Baba, aliyekuwa fundi wa saa Mji wa Kale na watu wakimwamkia njia nzima, huku alipata kazi ya kufunga mikate kiwandani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najua kupiga taipu, na mwoga. Uwoga nilizaliwa nao. Nilimwogopa Baba, niliwaogopa makondakta wa basi, na zaidi ya wote niliwaogopa watu wa ofisini wenye mafaili.

Na nilikuwa na dada. Huyo Bibi Nasim wa Hounslow uliyekuwa ukimwona kwenye Idi, yule wa kukutia pipi mfukoni, ndiye dada yangu wa tumbo moja. Alinizidi miaka mitano. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipofika miaka kumi na sita. Nywele alinisuka yeye, Kurani alinisomesha yeye, na nikikosea kusoma mbele ya mwalimu alikuwa akikohoa ili nijue. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na nakwambia hivyo kabla sijakwambia niliyomfanyia.

Nasim aliolewa na Salim, mwalimu wa shule, Mswahili wa Mombasa. Mtu mpole, Muislamu, mwenye kuswali. Lakini Baba alitaka mkwe wa jamaati yetu, Mhindi mwenzetu, na kwa Salim hakutaka hata kusikia. Nasim akaozwa nyumbani kwa mjomba wetu. Siku hiyo Baba aliiteremsha picha yake ukutani, akaifunga kwa gazeti, akasema, "Mimi nina binti mmoja." Alisema mara moja tu, na ikawa ndiyo sheria ya nyumba.

Miaka miwili baadaye ikaja fomu ya vocha. Niliijaza mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Palikuwa na mahali pa kuandika watoto wote, wanaosafiri na wasiosafiri. Nikashika kalamu, nikamtazama Baba. Akasema, "Andika mmoja." Mama alikuwa jikoni anakoroga sufuria, na nikasikia mwiko umesimama. Nikaandika mmoja, jina langu. Baba akatia sahihi. Chini ya sahihi palikuwa na maandishi madogo kwamba mwenye kusema uongo katika fomu hii anaweza kunyimwa ruhusa au kuondolewa nchini. Baba hakuyasoma. Mimi niliyasoma, na nilikuja nayo London kichwani, na kila barua ya serikali iliyotumbukia mlangoni pale Kilburn nilidhani ndiyo hiyo imekuja kutuondoa.

Basi kazi niliipata kwa mwanamke mmoja mzee wa Kiingereza, nikimwita Missi Edith. Hakuwahi kuolewa. Nyumba yake ilijaa vitabu hata kwenye ngazi, ukipanda huna pa kuweka mguu. Alikuwa anaandika habari za bibi mmoja mkubwa wa nchi ya Rumi, wale Warumi wa mashariki waliotajwa kwenye Kurani, ambao mji wao ndio huu Istanbuli wa leo. Yeye anaandika kwa mkono, mimi napiga taipu. Mwanzo nilichoka, nikajiambia hawa waliokufa miaka mia nane na zaidi wananihusu nini. Halafu, mwanangu, yule bibi akaniingia.

Aliitwa Evdokia. Baba yake alikuwa jemadari, analinda mpaka wa mashariki dhidi ya watu wetu Waislamu, lakini hayo tumsamehe. Alipofika miaka saba alichumbiwa, akapelekwa kulelewa nyumbani kwa mama mkwe, akafundishwa kufuma hariri na kusoma zaburi. Missi Edith alikuwa na barua aliyoandika mtoto yule, anaomba aletewe mwanasesere wake na yaya wake. Mwanasesere aliletewa. Niliipiga taipu barua ile nikakumbuka kitanda chetu cha Mombasa.

Alizaa wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Kisha mumewe akasingiziwa kwamba anakula njama dhidi ya mfalme, akapofushwa macho kwa moto, maana huko ndiyo ilikuwa adhabu ya watu wa heshima, na hakuishi mwaka. Evdokia akabaki na watoto na jina lililochafuka. Ili kuiokoa nyumba alimwoza binti mkubwa kwa mpwa wa mfalme. Binti mdogo, Anna, alikuwa ameshaposwa na nyumba nyingine kubwa. Anna akakataa, akaolewa na askari wa kukodiwa, mgeni kutoka nchi za baridi, mtu asiye na ukoo unaojulikana mjini. Mama yake akamkata.

Jinsi alivyomkata ndiyo iliyonikosesha raha. Evdokia uzeeni alijenga nyumba ya watawa wa kike, akaandika wasia mrefu wa namna ya kuiendesha. Ndani yake kuna orodha ya watu wa ukoo wake: baba, mama, mume, ndugu, watoto, wakwe. Kila mmoja ana siku yake katika mwaka, na siku hiyo watawa wawashe taa, wasome jina lake, na maskini wapewe chakula mlangoni. Nilipofika hapo vidole vyangu vikasimama juu ya mashine, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya Mama kila Alhamisi kabla ya magharibi. Alikuwa na karatasi ndani ya Kurani yake yenye majina ya marhumu wetu wote, na kila mmoja alimsomea Fatiha yake kwa jina. Akimaliza wafu alikunja karatasi, lakini midomo iliendelea kucheza kidogo. Hakuna aliyemuuliza anamwombea nani tena. Sote watatu tulijua.

Na katika orodha ya Evdokia, Anna hayumo. Missi Edith alijua kwamba Anna alikuwepo kwa sababu ya muhuri mmoja mdogo wa madini ya risasi, ukubwa wa kifungo cha koti, alioutumia Anna kufungia barua zake. Umeandikwa: Anna, binti wa Evdokia. Mama alimfuta mtoto, mtoto akaendelea kujiita binti wa mama yake. Siku hiyo nilimwambia Missi Edith kichwa kinaniuma, nikaondoka mapema.

Mwaka huo Mama akaugua moyo, akalazwa. Kila jioni nikitoka kazini nilikwenda kukaa naye, na jioni moja, Baba ametoka kutafuta chai, akanishika kidole, akasema, "Mwandikie Nasim." Tangu picha ile ifungwe kwenye gazeti, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja jina hilo kwa sauti. Nikaandika. Lakini nisikilize nilivyoandika, ujue mwoga anavyoandika barua. Niliweka mistari minne tu, sikuandika anwani yetu isije barua ya majibu ikaingia mkononi mwa Baba, na mwisho nilitia herufi moja ya jina langu, Z. Nilitoa namba ya simu ya Missi Edith, baada ya kumwomba ruhusa na kumwambia ni kwa ajili ya jamaa yangu wa Mombasa. Nilidhani Nasim atapiga simu au ataandika. Nasim hakupiga wala hakuandika. Alipanda ndege, akaja.

Sasa turudi Jumanne, saa tano. Missi Edith alipokea simu, akasikiliza, akanipa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, afisa wa uhamiaji, anapiga kutoka uwanja wa ndege. Alisema, "Tunaye hapa mwanamke amefika bila vocha. Anasema amekuja kumwona mama yake aliyelazwa, na kwamba wewe ni mdogo wake. Lakini faili la baba yako linaonyesha ana binti mmoja tu. Nakuuliza, je, una dada?"

Mwanangu, Baba hakuwemo chumbani. Hakuna aliyeniziba mdomo. Nilimwona dada yangu kwa macho ya moyo, amekaa kwenye benchi na mtandio wake. Na palepale nikaiona ile fomu, mwandiko wangu, lile neno mmoja, na yale maandishi madogo ya chini. Nikamwona Mama anashushwa kitandani pamoja na mipira yake ya dawa, anapandishwa ndege. Nikasema, "Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kwetu niko peke yangu."

Akashukuru, akakata. Ilikwisha kwa muda ambao mtu hata chai hajakoroga. Nikarudi kwenye mashine, nikapiga ukurasa mzima, na wote ulikuwa makosa. Missi Edith alikuwa amesimama mlangoni. Aliuchukua ukurasa, akautazama, akauweka kando, akaniambia niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa Mama. Swali lake la kwanza likawa, "Nasim kajibu?" Nikamwambia, "Bado, Mama." Nilisema hivyo nikimwekea mto sawa. Jumatano ikapita hivyo hivyo. Sikula. Kila nilipofika barabarani niliuona mlango wa kibanda cha simu, na kila mara nilijiambia nikitoka hospitali nitapiga, na nikitoka hospitali nilijiambia kesho. Nilikuwa na hofu mbili, hofu kwamba yuko bado pale ananingoja, na hofu kwamba hayuko tena.

Alhamisi nilipofika kazini nilimkuta Missi Edith na bahasha kubwa. Ilitoka maktaba moja ya ng'ambo, na ndani mlikuwa na picha za kurasa za mwisho za wasia wa Evdokia, ambazo alizingoja karibu mwaka. Alikuwa na lenzi yake jichoni. Akaniambia nikae, akanisomea polepole, akitafsiri. Yule bibi alikuwa ameshazeeka, haoni, na ukurasa ule ameandikiwa na mtu mwingine kwa wino mwingine. Ulisema: na taa moja iwashwe kwa ajili ya binti yangu Anna, ambaye sikumtaja hapo juu. Yeye ni mtoto wangu. Atakayesoma majina asimwache.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikasema, "Kwa hiyo walipatana."

Missi Edith akaweka lenzi chini. "Hawakupatana, Zarina. Anna alikuwa ameshakufa miaka minne kabla ya ukurasa huu. Mama yake alimwandika, lakini yeye hakupata kujua kwamba ameandikwa."

Akaendelea, bila ukali, lakini macho hakuyaondoa usoni kwangu. "Nimeishi na bibi huyu miaka kumi na moja. Aliiokoa nyumba yake mikononi mwa wafalme, na hili likamshinda, la kusema jina moja mapema. Mimi sijui nani aliulizwa habari zake kwenye simu ile, wala sitakuuliza. Ila nilikusikia ukijibu, na niliuona ukurasa ulioupiga baada yake. Wewe huna miaka mia nane, unayo leo. Chukua koti langu, nje kuna mvua."

Hakuna mtu aliyewahi kunikemea vile. Baba alikuwa akipiga kelele, na kelele nilizizoea. Huyu alinipa koti.

Nilipanda treni ya chini mpaka Hounslow, kisha basi mpaka uwanja wa ndege, na njia nzima nilikuwa nakariri maneno kwa Kiingereza: mimi ndiye niliyejaza fomu, baba yangu hana kosa, mama yangu ni mgonjwa tafadhalini msimwondoe. Kwenye basi tiketi iliniponyoka. Nilikuwa na yakini nakwenda kuiuza familia yangu yote. Nilikwenda vivyo hivyo.

Afisa niliyemkuta hakuwa yule wa simu. Nikayamwaga yote mbele yake, kwa mkupuo, na Kiingereza kikanipotea katikati. Akasikiliza, akaenda ndani, akarudi na karatasi. Akasema, "Yule mwanamke amerudishwa kwa ndege ya jana mchana."

Ile karatasi aliigeuza upande wangu ili nithibitishe kama ndiye. Ilikuwa fomu aliyojaza Nasim alipofika. Niliujua mwandiko kabla sijasoma, zile herufi zake zinazolala upande mmoja. Palipoulizwa jamaa zako walioko nchi hii, alikuwa ameandika majina matatu. La kwanza ni langu: Zarina, mdogo wangu. La pili la Mama. Na la tatu la Baba, kwa jina lake kamili. Baba aliyemfunga kwenye gazeti, naye amemwandika.

Nililia mbele ya watu wote, mwanangu, na sikujali. Afisa akanipa karatasi tupu nikaandika maelezo yangu. Akayasoma, akayapiga muhuri, akayatia kwenye faili, akasema baba yangu aje arekebishe fomu, kisha dada anaweza kuomba upya kule Mombasa. Ndiyo hiyo tu. Hakuna polisi aliyekuja. Hakuna aliyepandishwa ndege. Jambo lililoninyima usingizi miaka yote ile lilikuwa muhuri mmoja na kusukuma faili upande wa pili wa meza.

Jioni ile nilimwambia Baba. Nilidhani atanipiga. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Siku ya nne alivaa koti lake la kwendea msikitini, akaenda kurekebisha mwenyewe. Lakini karatasi zina mwendo wao, na moyo wa Mama nao ulikuwa na mwendo wake. Nilimwambia, "Mama, Nasim anakuja, bado ruhusa tu." Akachangamka, akaomba achanwe nywele. Kila nilipoingia aliniuliza, "Kafika?" Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wiki ya tano hakuuliza tena. Alifariki Jumatatu, tukamzika Jumanne, na neno la mwisho nililolisikia kwake lilikuwa ni hilo kafika.

Dada yangu aliingia London siku ya arobaini ya Mama.

Chumba chetu kilijaa watu, tumekaa chini, khitma imekwisha, na Baba ameshika ile karatasi ya Mama anasoma majina ya marhumu ili wasomewe Fatiha. Alipofika jina la Mama mwenyewe, mlango ukafunguliwa. Nasim akasimama na sanduku lake, hajui aingie au atoke. Hakuna aliyejongea. Baba hakuinua macho kwenye karatasi. Akasema, "Zarina, mpishe dada yako akae." Kisha akaendelea kusoma, na sauti haikuwa yake.

Hayo ndiyo mapatano yao yote. Baba hakuwahi kuomba radhi, na Nasim hakuwahi kumdai. Salim akaja baadaye, wakakaa Hounslow, akafanya kazi hapo hapo uwanja wa ndege, na Baba uzeeni alikuwa akila kwao kila Jumapili na kulalamika chumvi.

Mimi je? Mimi niliishi na dada yangu zaidi ya miaka thelathini katika mji mmoja bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba hajui. Nilidhani alijua ya fomu tu, ya Baba, na ya simu hayajui. Mpaka mwaka ule kabla hajafa, tuko jikoni kwake tunatengeneza viazi karai, yeye anachovya, mimi nakaanga, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nikiwa nimempa mgongo, nikitazama mafuta. "Dada, ile siku walinipigia simu. Nilisema sikujui."

Hakuacha kuchovya. Akasema, "Najua. Yule afisa alirudi akaniambia, huyo uliyemwandika amesema hana dada. Nikamwambia simu yenu mbovu, hakusikia vizuri, mpigieni tena."

Nikageuka. Alikuwa ananitazama, unga wa dengu umemjaa vidoleni, na hakuwa na hasira yoyote usoni. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo.

"Palikuwa na simu pale mezani kwake," akasema. "Nilikaa naitazama mpaka kesho yake waliponichukua. Kila ikilia nilisimama."

Sasa unajua kwa nini natia mkono kifuani.

Mwanangu, sina elimu ya Missi Edith. Ninalokupa ni hili tu. Usimfute mtu wa damu yako kwenye karatasi, hata karatasi ikiwa ndogo, hata wewe ukiwa na haki. Gombana naye. Mwambie umechukia. Asipokuja arusini, kiti chake kikae kitupu na watu waulize. Lakini jina mwandike. Baba yangu aliwahi kusema maneno manne kwa hasira, mimi nikayatia wino kwa uwoga, na Mama akayalipa kwa wiki tano za kutazama mlango. Yule bibi wa Rumi aliandika, lakini alichelewa. Mimi nilikwenda, lakini nilichelewa siku moja. Nawe ukijiona unaogopa, na najua unaogopa, unaogopa mchumba wako na watu wake watasemaje, basi sema huku hofu hiyo hiyo inakutetemesha. Ukingoja itulie kwanza, ndege itakuwa imeondoka.

Hapa, baada ya jina lako, nimeandika Imran kwa penseli. Mkono wangu umepinda kidogo, uniwie radhi. Mwenye kutia wino ni wewe.

Mungu akuandikie arusi yenye kheri, Sakina wangu, na nyumba isiyopungukiwa na watu. Akupe watoto watakaotajana kwa majina sisi tukishakuwa kwenye karatasi ya Alhamisi, na asikuonjeshe kuulizwa kafika nawe huna jibu. Umesema jana ulimpigia mara moja hakupokea. Labda hakusikia vizuri, mwanangu. Jumatatu haijafika. Mpigie tena.